Kwa nini wavu wa tanuru hulegea hata ukiweka chuma kigumu

"Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi mchomeleaji hapa Dodoma, natengeneza matanuri ya mikate na majiko ya viwanda vidogo vya kukamua alizeti. Moto wetu ni kuni na maganda ya alizeti. Kinachonisumbua ni wavu wa moto, zile nondo za urefu wa mita moja zinazobeba kuni. Nilianza na nondo za milimita 16, baada ya miezi miwili zimeshuka katikati kama bembea. Nikaweka za 20, nazo zikashuka, zilichelewa kidogo tu. Mzee mmoja akanishauri springi za lori kwa kuwa ni chuma kigumu, zikapinda. Mwisho nikanunua vipande vya stenlesi kwa mtu wa skrepa, nikavipima na sumaku havikushika, nikajua ndiyo yenyewe. Vimepinda pia, ila havikumomonyoka. Ncha zote mbili nazichomelea kwenye fremu ya engo ili ziwe imara. Nasikia kuna vyuma vinavyochanganywa madini fulani ndiyo vinavumilia moto. Ni madini gani, na mimi nitumie kipi? Halafu kuna mteja boila yake ina bomba limevimba upande wa moto, anataka nikate niweke kiraka cha chuma kizuri zaidi. Niweke chuma gani?"

Marahaba fundi. Nianze na mwisho wa swali lako, maana hilo haliwezi kungoja. Bomba la boila usilikate na usiliwekee kiraka. Mwambie mteja wako azime moto leo, aiache boila ipoe yenyewe, asiiwashe tena mpaka mkaguzi aione. Sababu nitaieleza huko mbele, na utaona kwamba bomba lile na nondo zako zinaugua ugonjwa mmoja.

Sasa wavu. Chukua nondo ile ile ya 16, iweke nje juu ya matofali mawili, itwishe mzigo ule ule wa kuni. Itakaa miaka bila kuendelea kushuka hata unywele. Ndani ya tanuru mzigo ni ule ule, lakini nondo inashuka kila siku kidogo, na hata ukiacha kuongeza kuni inaendelea kushuka. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanadhani chuma kimezidiwa na uzito, kwa hiyo wanatafuta chuma kigumu zaidi. Hakijazidiwa na uzito. Kimezidiwa na joto pamoja na muda.

Wahandisi huita jambo hili kripu. Chuma kinatambaa, yaani kinanyumbuka polepole mno chini ya mzigo ambao kikiwa baridi kisingeuhisi. Umeshaliona nyumbani: bomba la plastiki lililopitishwa juu ya paa kati ya mbao mbili, siku ya kwanza limenyooka, baada ya mwaka mmoja wa jua letu limelala katikati, wala hakuna aliyelikalia. Plastiki hutambaa kwa jua. Chuma hungoja moto. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na huanza kutambaa kwa kiasi cha kuleta hasara kikishavuka nyuzi 400 hivi. Nondo yako ikionyesha wekundu mzito unaoonekana vizuri gizani tu, iko karibu na 600. Ikiwa nyekundu ya kuiva, iko 750 hadi 800. Ikielekea rangi ya chungwa, imepita 900. Kwa hiyo wewe hufanyi kazi pembeni ya eneo la kripu, uko katikati yake.

Ili uelewe madini yanafanya nini, fikiria jamvi kubwa la shughulini, limetandikwa, nawe unataka kulisogeza. Ukilivuta lote kwa pamoja halisogei. Ukikunja mkunjo mdogo upande mmoja, ukausukuma kwa mguu mpaka upande wa pili, jamvi lote limesogea kiganja kimoja bila jasho. Ndani ya chuma atomi zimepangwa kwa safu, na chuma kinapopinda si kwamba safu nzima imeteleza kwa mara moja. Mikunjo kama ile ya jamvi ndiyo inayopita, mamilioni kwa mamilioni. Kukiimarisha chuma maana yake ni kuizuia mikunjo hiyo: kutia changarawe chini ya jamvi, kuweka mawe juu yake.

Chuma kikiwa baridi, mkunjo ukigonga jiwe unakwama, basi. Kikiwa na moto, atomi zenyewe zinahama, zinaacha nafasi na kujaza nafasi, na mkunjo uliokwama unapata njia ya kupanda juu ya jiwe na kuendelea na safari. Hiyo ndiyo siri yote ya kripu. Ndiyo maana nyuzi chache za joto zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Larson na Miller waliandika mwaka 1952 kanuni ambayo wahandisi wa mitambo ya mvuke wanaitumia mpaka leo. Ukiipiga hesabu kwa bomba lililotarajiwa kuishi saa 100,000 kwenye nyuzi 540, yaani miaka 11 na kidogo ya kazi isiyosimama, ukalipandishia joto nyuzi 10 tu, maisha yake yanabaki karibu nusu.

Kwa hiyo springi ya lori ilikuangusha kwa haki. Ugumu wake ulitiwa kiwandani: ilipashwa ikawa nyekundu, ikachovywa, kisha ikapashwa tena kwa kiasi, kwa kawaida nyuzi 400 na kitu hadi 500. Ukiitia kwenye moto wa nyuzi 700, unakirudisha chuma mahali kilipokuwa kabla ya kazi ile yote. Mzee aliyekushauri hakukudanganya, springi ni ngumu kweli, ila ni ngumu barabarani. Nondo nyingi za ujenzi za siku hizi zina habari hiyo hiyo, ganda lake la nje limeimarishwa kwa maji kiwandani na moto wako unaliondoa siku ya kwanza.

Hapa ndipo madini yanapoingia. Nitayataja kwa kazi zake.

Kaboni peke yake haisaidii sana kwenye moto. Ndani ya nondo na springi, kaboni imeungana na chuma kuwa chembe ngumu, na chembe hizo kwenye joto hukusanyana. Angalia matone ya mafuta juu ya mchuzi uliotulia: madogo yanamezwa na makubwa, mpaka yanabaki matone machache yaliyoachana mbali. Mawe yakiwa machache na yameachana, mkunjo unapita katikati yake bila kugusa lolote. Kinachotafutwa ni mawe madogo, mengi, yaliyokaribiana, na yasiyokubali kumezana hata baada ya miaka.

Molibdeni ndiyo iliyofungua njia. Atomi yake ni kubwa kuliko ya chuma na inahama kwa uvivu, kwa hiyo nusu asilimia tu ikichanganywa inakuwa kama changarawe chini ya jamvi zima. Mabomba ya mvuke yenye nusu asilimia ya molibdeni yalitumika sana Marekani, mpaka mwaka 1943 bomba la namna hiyo lilipopasuka kwenye mtambo wa umeme wa Springdale, Pennsylvania. Walipolichunguza walikuta kandokando ya mshono wa kuchomelea, kaboni iliyokuwa imefungwa na chuma imejitenga ikawa grafiti, kitu kile kile kilicho ndani ya penseli, imejipanga kama mstari wa matundu. Wewe kama mchomeleaji nataka ukumbuke hilo: mahali pa kwanza kuugua palikuwa pembeni ya mshono, palipopashwa moto wa kuchomelea bila kuyeyuka.

Dawa ya ugonjwa ule ni kromi. Nusu asilimia na zaidi ya kromi inaishika kaboni isijitenge. Ndipo yakaja mabomba yenye kromi asilimia 1, asilimia moja na robo, asilimia mbili na robo, yote pamoja na molibdeni, na mpaka leo yanafanya kazi katika mitambo ya mvuke duniani kote. Lakini kromi ina kazi ya pili ambayo watu huichanganya na ya kwanza: ikizidi, inajenga utando mwembamba juu ya chuma unaozuia magamba, yale maganda yanayobanduka chuma kikiliwa na moto. Kuzuia magamba na kuzuia kupinda ni kazi mbili tofauti. Ukitaka uthibitisho, tazama waya wa jiko la umeme. Waya nyingi za namna ile ni chuma, kromi na alumini. Utando wa alumini iliyoungana na oksijeni unazilinda zisiungue hata juu ya nyuzi 1,300, na bado zikiwaka zinalegea kama tambi, ndiyo maana hulazwa ndani ya mifereji ya udongo wa moto. Hazina magamba, lakini pia hazina nguvu. Stenlesi yako "haikumomonyoka" na bado ilipinda. Kumbe umelijua jambo hili kwa mikono yako kabla sijakuandikia.

Mawe madogo yasiyomezana yalipatikana kwa vanadi, niobi na nitrojeni. Miaka ya 1970, maabara ya taifa ya Oak Ridge huko Tennessee, Marekani, ilichukua chuma cha kromi asilimia 9 na molibdeni asilimia 1 kilichokuwapo tayari, ikakitia vanadi kama asilimia 0.2, niobi asilimia 0.08 hivi, na nitrojeni asilimia 0.05 hivi. Kiasi hicho ni kidogo kuliko chumvi kwenye uji. Lakini vanadi na niobi zikiungana na nitrojeni na kaboni hutengeneza chembe ndogo sana zinazokataa kukua, na chuma kile, wanachokiita Gredi 91, kwenye nyuzi 600 kinabeba zaidi ya mara mbili ya mzigo wa ndugu yake asiyetiwa chembe hizo. Baadaye wengine wakapunguza molibdeni, wakatia tungsteni na boroni kidogo sana, chini ya asilimia 0.01, wakapata Gredi 92. Boroni inakaa kwenye mipaka ya punje za chuma, vile vipande vidogo vilivyoshikana kukijenga, na kuzizuia chembe za kromi zilizoko hapo zisinenepe.

Usidhani basi kwamba kila kinachoongezwa kinaongeza nguvu. Vyuma vilivyopandishwa kromi mpaka asilimia 12 kwa nia njema vilionekana bora kwenye vipimo vya muda mfupi, halafu baada ya makumi ya maelfu ya saa nguvu yake ikashuka ghafla. Kromi iliyozidi ilikuwa inajenga pole pole chembe nene za aina nyingine, na chembe hizo zilikula zile ndogo za vanadi na niobi. Alumini nayo, rafiki wa waya wa jiko, ni adui ndani ya Gredi 91, kwa sababu inanyakua nitrojeni kabla vanadi haijaipata. Ndiyo maana swali la "madini gani" halina jibu la neno moja. Unauliza: joto gani, mzigo gani, miaka mingapi, na moshi wa namna gani.

Na kwa wavu wako, familia yote hiyo niliyoitaja haikufai. Inaishia nyuzi 600 na kidogo. Nimeieleza kwa sababu utakutana nayo kwenye skrepa ya mabomba ya viwandani na mtu atakuambia ni chuma cha moto. Ni kweli, ila cha moto mwingine. Tena Gredi 91 ukiichomelea kienyeji umeiua: inatakiwa ipashwe kabla, karibu nyuzi 200, na baada ya kuchomelea ipashwe tena karibu 760 kwa muda uliopimwa, vinginevyo mshono unabaki mgumu na mkavu kama kioo.

Kwenye nyuzi 700 na zaidi unahitaji nikeli. Nikeli haifanyi kazi ya jiwe wala changarawe. Inabadilisha mpango wenyewe wa atomi, zinakaa kwa kubanana zaidi, na zikibanana hivyo kuhama kunakuwa kugumu, karibu mara mia kwa joto lile lile. Mpango huo ndio unaofanya sumaku isishike. Kwa hiyo kipimo chako cha sumaku kina maana, lakini hakitoshi. Kuna stenlesi ya bei nafuu, wanayoiita 201, ambayo sehemu kubwa ya nikeli imebadilishwa na manganisi, nayo haishiki sumaku. Kuna 304, yenye kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi. Kuna 310, yenye kromi 25 na nikeli 20. Zote tatu sumaku itaziachia, na kwenye moto wako ni vitu vitatu tofauti kabisa. Kinyume chake 430, inayoshika sumaku, ni stenlesi halali yenye kromi asilimia 16 hadi 18, inazuia magamba vizuri, ila kwenye wekundu ni laini.

Kwenye familia hii ya nikeli, kaboni inapata heshima yake. Karatasi ikisema 304L, ile L ina maana kaboni ni chache, chini ya asilimia 0.03. Mafundi wanaipenda kwa kuchomelea, na kwa matangi ya maziwa ni sawa. Kwa moto ni dhaifu zaidi. Kanuni za Marekani za mitambo ya shinikizo zinataka 304 inayotumika juu ya nyuzi 538 iwe na kaboni isiyopungua asilimia 0.04. Wanaomimina vyuma vya matanuri makubwa wanafika asilimia 0.4 pamoja na kromi 25 na nikeli 20, na chuma hicho ndicho kilichobeba mirija ya mitambo ya mbolea na gesi kwa miaka mingi.

Sasa nirudi kwenye kitu kimoja ulichokiandika ambacho kilinisimamisha. Ulisema nondo za 20 zilichelewa kidogo tu. Hesabu haikubali. Kutoka 16 kwenda 20, mkazo ndani ya nondo, yaani nguvu inayoangukia kila sehemu ya unene wake, kwa mzigo ule ule wa kuni unapungua karibu nusu. Na kasi ya kripu haifuati mkazo kwa ngazi moja, inaufuata kwa kuuzidisha kwa wenyewe mara nne au tano. Mkazo ukiwa nusu, kasi inatakiwa ishuke mara 16 hadi 32. Nondo za 20 zilitakiwa zikae miaka. Hazikukaa, kwa hiyo kuna kitu kingine kinazipinda, na umekitaja mwenyewe bila kukishuku: ncha zote mbili umezifunga.

Nondo ya mita moja ikipanda joto nyuzi 700 inarefuka karibu sentimita 1. Stenlesi inarefuka zaidi, kama milimita 13. Fremu yako iko pembeni, nyuma ya matofali, haijapata moto huo, haijarefuka kiasi hicho. Nondo iende wapi? Inajikunja. Na sentimita 1 ya ziada kwenye mita moja iliyofungwa pande zote inatosha kuishusha katikati kama sentimita 6. Ikishajikunja ikiwa nyekundu inakuwa imezoea umbo hilo, kripu inalimalizia, na kila ukizima na kuwasha unaongeza. Ulifunga ili ziwe imara, na nia yako ilikuwa njema, lakini kufunga ndiko kulikozipinda. Ndiyo maana pia stenlesi, pamoja na ubora wake, haikukuokoa: ina nguvu zaidi kwenye moto, lakini inarefuka zaidi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela kununua nikeli, badilisha mchoro. Hizi kazi unaziweza wiki hii kwa vifaa ulivyonavyo.

Ncha zisichomelewe. Acha kila kipande kilale huru juu ya kitako, na uache nafasi ya sentimita 2 mwisho mmoja. Ukitaka visihame, tengeneza meno kwenye kitako kama ya kitana.

Acha kutumia duara. Chukua flati ba, mfano ya milimita 10 kwa 50, isimamishe kwa ubavu wake mwembamba. Chuma ni kile kile, uzito ni ule ule, lakini ikisimama mkazo ndani yake ni moja ya tano ya ikilala. Piga sasa tano mara tano mara tano mara tano: kasi ya kripu inashuka mara 625 na zaidi. Na hiyo unaipata bila kununua madini yoyote. Na weka kitako cha katikati, ukuta mdogo wa matofali ya moto, ili mita moja iwe nusu mita mbili. Mzigo ukiwa umetandazwa, mkazo unabaki robo, na kasi inashuka zaidi ya mara 200.

Halafu majivu. Majivu ya maganda ya alizeti yana potasiamu nyingi, yanayeyuka kwa joto la chini na kugandamana kama kioo kati ya nondo. Yakiziba, hewa ya chini haipiti, na hewa ile ndiyo inayopoza wavu. Wavu uliozibwa unaweza kupanda joto kwa mamia ya nyuzi juu ya ulio wazi. Mwambie mteja wako aondoe majivu kila siku, na shimo la majivu lisijae mpaka kugusa wavu. Hapa ndipo matanuri mengi yanapoharibikia, na fundi ndiye anayelaumiwa.

Ukishafanya hayo, chuma cha kawaida cha flati ba kinaweza kukutosha kwa tanuri la mikate. Kitatoka magamba, kitaisha kwa kuliwa, lakini kitaisha kikiwa kimenyooka, na kukibadilisha ni kazi ya nusu saa kwa kuwa hujakichomelea. Kwa jiko la kiwanda linalowaka mchana kutwa, 304 ya kununua dukani yenye karatasi yake inalipa, hasa kwa vipande viwili vitatu vya katikati penye moto mkali, pembeni ukaacha chuma cha kawaida. 310 ni bora zaidi na bei yake inauma. Nisingekushauri uianze kabla hujajaribu hizi nyingine. Ukija kuitumia, jua kwamba ikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 600 na 900 inakuwa kavu ikipoa, kwa hiyo usiigonge kwa nyundo kutoa majivu asubuhi. Chuma cha kumimina nacho hakiko nyuma: vipande vifupi, vinene, havipindi kirahisi, ila hupasuka ukivimwagia maji vikiwa na moto. Kama unamfahamu mtu anayemimina vizuri, ni njia ya bei nafuu ambayo mafundi wa zamani waliitumia kwa sababu nzuri.

Kuhusu skrepa, grenda yako inaweza kukusaidia kidogo. Cheche za nondo na springi ni ndefu na zinapasuka kama nyota mwishoni. Za stenlesi ya nikeli ni fupi, za rangi ya chungwa iliyokolea, na hazipasuki sana. Lakini grenda haitakutenganishia 201 na 304. Kwa hilo unahitaji kifaa cha kusoma madini. Waulize SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa Dodoma wakuelekeze, au ukiwa na safari ya Dar es Salaam uende TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, na vipande vyako. Vipande vitano vilivyopimwa na kuandikwa kwa rangi vitakufaa kuliko rundo usilolijua.

Sasa bomba la boila. Mvuke wa boila ndogo za viwanda vyetu, hata ukiwa na shinikizo la baa 10, una nyuzi 180 hivi. Bomba lililoguswa na maji upande mmoja linakaa juu kidogo tu ya hapo, mbali kabisa na kripu, hata kama moto upande wa pili una nyuzi 1,000, kwa sababu maji yanalichota joto mara moja. Chuma cha kawaida cha boila kinatosha na kuzidi. Kwa hiyo kama limevimba, limepashwa kuliko lilivyotakiwa, na mara nyingi hapa kwetu sababu ni ukoko. Visima vingi vya kanda ya kati maji yake ni magumu. Chukua sufuria ya chai ya nyumbani kwako utazame chini yake, ule ukoko mweupe ndio huo huo unaojengeka ndani ya bomba. Chuma hupitisha joto mara makumi kuliko ukoko. Ukoko wa milimita mbili tatu unatosha kuyazuia maji yasilipoze bomba, na bomba linapanda mpaka nyuzi 400, 500, na hapo shinikizo la mvuke linaanza kulivimbisha kama puto, polepole, siku kwa siku. Ni nondo yako ile ile, ila hii ina mvuke ndani.

Kiraka cha chuma bora hakitibu chochote. Ukoko unabaki, joto linabaki, na bomba la jirani linavimba mwezi ujao. Kibaya zaidi, bomba lililotambaa lina vitobo vidogo sana kwenye mipaka ya punje zake, jicho halivioni, na huwezi kujua vimefika umbali gani kutoka kwenye uvimbe. Ukichomelea juu ya chuma kilichochoka hivyo, mshono unaweza kushika siku hiyo na kuachia kukiwa na watu mbele ya jiko. Boila ikipasuka inabomoa jengo.

Sheria ya usalama mahali pa kazi ya mwaka 2003 imeiweka mitambo ya shinikizo chini ya ukaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na hili ni moja ya mambo ambayo wao ndio wa kuitwa. Mteja wako asiogope kuwaita, boila iliyozimwa na kukaguliwa ina gharama ndogo kuliko iliyowashwa. Mkaguzi akija, mwombe mambo matatu: bomba lililovimba likatwe lote na kipande kihifadhiwe ili upande wa ndani uonekane, mabomba yote ya upande wa moto yapimwe kipenyo na unene, na maji ya kulisha boila yapimwe ugumu. Kama kazi ya kubadilisha mabomba itaruhusiwa, ifanywe na mchomeleaji mwenye cheti cha kazi ya shinikizo, kwa bomba jipya la boila lenye karatasi, na mtambo ujaribiwe kwa maji baridi kabla ya moto. Kama huna cheti hicho, kaa naye uangalie, nawe ukakitafute, maana mkono wako nauona ni wa mtu anayetaka kujua. Na kifaa cha kulainisha maji kiwekwe kabla boila haijawashwa.

Kwa wavu, anza na tanuri moja. Piga nukta kwa senta panchi katikati ya kila kipande, lalisha rula ndefu juu, pima umeshuka milimita ngapi, andika, kila mwisho wa wiki tanuri likiwa baridi. Baada ya wiki nane niletee namba hizo, pamoja na rangi ya wavu ikiwa katikati ya kazi, uliyoiona ukiwa umefunga mlango wa nje ili pawe giza. Kwa hizo nitakuambia kama bado unahitaji nikeli.